Mahindi Yaliyovunwa kwa Huruma

Shamba letu liko kando ya barabara ya Kinsevere, na tangu tulipolipata lilikuwa shamba baya. Udongo wake ni mwekundu na mgumu. Mvua ikikosa kwa juma moja tu, unapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Mume wangu Stanislas alipostaafu kazi ya reli alisema atalitia adabu. Alilitilia samadi ya mbuzi, majani makavu, majivu ya jikoni, na kila mwaka lilimeza vyote hivyo likaturudishia mifuko ile ile michache.

"Hii shamba iko sawa na chef de gare mumoja wa kule Kabalo," alikuwa akisema, akimkumbuka mkuu wa stesheni aliyependa hongo. "Unamusalimia, unamupa matabishi, na njia hafungue."

Kwa hiyo siku mjukuu wetu Syntiche alipotoka kazini, akaketi mezani na kusema anatafuta shamba baya, babu yake alicheka mpaka akakohoa.

Syntiche ni mtoto wa binti yetu wa kwanza. Tulimlea sisi, hapa Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, tangu mama yake alipofariki. Alisomea kilimo chuoni, kisha akapata kazi kwenye mradi unaojaribu mbegu za mahindi.

"Kambo, usicheke," alimwambia babu yake, ambaye alimwita hivyo tangu utoto. "Niko naomba kweli."

"Ba-chef yako habana shamba mubaya?"

"Habana. Beko na station ya kujaribia mbegu kule karibu na muto, udongo mweusi, pompe ya maji. Iko shamba ya tajiri mumoja, mbolea haikose. Ingine iko upande wa Kasenga, mvua inanyesha muzuri. Pale pote, kila muhindi iko na akili. Lakini bantu benye tutapelekea mbegu, wengi beko na udongo sawa huu wenu. Nataka nione ni ile gani itabakia na akili hata kwa mateso."

Akatueleza, huku bukari, ugali wetu, ikipoa kwenye sahani yake. Mbegu zile zile zingepandwa mahali pote panne, msimu mmoja, kwa mkono mmoja. Kuna mbegu, alisema, ukiitunza inakupa mavuno ya kujivunia, na ukiipeleka penye shida inakunyima kabisa. Nyingine haileti maajabu popote, lakini popote utakapoipanda utakula.

Stanislas alifinyanga tonge lake kwa muda mrefu bila kulipeleka mdomoni.

"Njo sawa na train," akasema mwishowe. "Kulikuwa moja ya kwenda Kamina. Siku ingine inakimbia sawa ndege, siku ingine bantu banalala kwa quai banaingojea. Na kulikuwa ile ya mizigo, ya polepole, lakini kila siku inafika. Sasa ba-bibi yetu balikuwa banapika kwa saa ya ile ya mizigo."

"Njo ile natafuta, Kambo."

"Basi chukua shamba. Hata kama ingekuwa ya kupoteza, haina kitu ya kupoteza."

Walipanda mvua zilipoanza, Syntiche na mwenzake wa kazini, kijana mpole anayeitwa Hénoc. Shamba lilikatwa vipande vidogo kwa kamba, kila mbegu ikapewa kipande chake upande huu, kingine katikati, kingine kule mwisho, ili kona yenye nafuu isiipendelee mbegu moja. Mbele ya kila kipande wakasimamisha kijiti chenye bati dogo lililoandikwa namba. Mbegu hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, na Syntiche alituambia namba zile ndizo kila kitu, maana mahindi yakishakauka yanafanana kama mapacha.

Aliyezipa majina ni jirani yetu Mama Kapinga. Shamba lake linapakana na letu, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Yeye ni mtu wa Kasai, baba yake alikuja Lubumbashi na biashara ya nguo, na yeye mwenyewe anauza mafuta ya mawese na chumvi pale soko la Kampemba. Alikuwa akipita kwenye vile vipande vyetu na jembe begani, akivikagua kama mtu anayechagua wakwe.

"Huyu namba mbili ni Ministre," alisema siku mahindi yalipofika kifuani. "Muangalie, Papa Stanislas. Murefu, anavaa muzuri, na sijaona kazi yake."

"Na huyu?" mume wangu akamwuliza, akionyesha namba saba, mfupi, majani membamba, rangi ya kawaida tu.

"Huyu ni Sista. Haangalie muntu, anafanya kazi."

"Weye Mama Kapinga, siku moja utapeleka hata muhindi kwa confession."

"Weye ungepaswa kutangulia kwa padri, Papa. Umekula mali ya benzako miaka mingi kule kwa reli."

Ndivyo walivyokuwa, hawa wawili, mpaka mwisho. Na yale majina yakashika. Hata Hénoc alikuwa akisema Ministre na Sista, ingawa aliandika namba.

Mwaka ule wa kwanza mvua ilikatika mwezi wa pili, wakati mahindi yanatoa ndevu. Huko station walikuwa na pompe. Sisi tulikuwa na macho tu. Ministre aliendelea kusimama mrefu, lakini tulipomenya mahindi yake tulikuta punje chache zimetawanyika kama meno ya kizee. Sista alitupa karibu kile kile alichowapa watu wa Kasenga. Kule kwenye maji Ministre alimpita mbali, lakini huku kwetu Ministre hakulisha hata kuku.

Syntiche aliporudi na hesabu za mahali pote alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu utoto. Ila alituonya tusishangilie.

"Mwaka moja haitoshe, Kambo. Batasema ni bahati. Namba za mwaka wa pili zikisema vilevile, nitamusimamisha Sista mbele ya comité yenye inachagua mbegu, na watu wa hii barabara yote batapata yeye. Kama hapana, atapita Ministre. Bale ba mashamba mazuri batatu bote banamutaka."

"Kwa hiyo kila kitu iko juu ya hii shamba mubaya?" babu yake akauliza.

"Iko juu yake."

Tangu siku hiyo Stanislas alilinda lile shamba kama alivyolinda taa za reli ujanani. Msimu wa pili alikuwa akiondoka nyumbani asubuhi na chupa ya maji na kipande cha muhogo, akafukuza mbuzi na ndege mpaka jua lizame. Mvua ilisumbua tena. Sista alivumilia tena. Mwezi wa nne, mahindi yakiwa yamekauka yakingoja kuvunwa, kifua kilimbana akiwa njiani kurudi. Alifika nyumbani kwa baiskeli ya mtu asiyemjua, aliyemshika mgongoni kwa mkono mmoja njia nzima ili asianguke. Yule mtu hakukaa hata kunywa maji, na jina lake sikulipata. Stanislas aliishi siku chache tu baada ya hapo.

Kilio kilikuwa hapa nyumbani. Wanaume walikaa nje kwenye moto, sisi wanawake tulilala sebuleni juu ya mikeka, viti vimetolewa vyote. Nimeona vilio vingi, lakini mtu hajui alivyo na watu mpaka kiwe chake. Kulikuwa na msichana wa parokia aliyekuwa akinigeuzia mto kila ulipolowa, bila kusema neno. Mama Edith, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya barabara mbele ya letu, alileta makaa yake mwenyewe ya kupikia. Mama Kapinga aliniosha miguu kwa maji ya vuguvugu jioni, akaikausha kwa kitenge chake, akisema, "Miguu ya mujane inaingia baridi upesi." Syntiche alikuwa kando yangu muda wote. Alikuwa amepatana na Hénoc kwamba watavuna kilio kikishaisha, siku ya Jumatatu, na mizani. Mahindi makavu yanaweza kusubiri kidogo. Alitaka kumlilia babu yake kwanza, na mimi nilimwambia amefanya vizuri.

Sasa, kwetu hapa, mama wa nyumba iliyofiwa hagusi jembe wala hasemi habari za shamba mpaka kilio kiishe. Wengine ndio wanaomkumbukia. Kama ni wakati wa palizi wanampalilia, kama ni wakati wa kuvuna wanamvunia, na hawamwulizi, maana kumwuliza ni kumtoa kwenye machozi yake na kumrudisha kwenye njaa. Akiinuka mkekani anakuta kazi imekwisha. Mimi mwenyewe nimewafanyia wengi hivyo.

Asubuhi moja niliona mikeka mingi iko wazi. Nilidhani wameenda sokoni. Mchana tukasikia tricycle, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, inaingia uani, na nyimbo za kanisa, na Mama Kapinga mbele, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nyuma kulikuwa na mifuko.

"Mama Brigitte," aliniambia akipiga magoti, "shamba yako imekwisha. Hata hindi moja hatukuacha. Mbuzi ya bantu na ba-mwizi habatacheka juu ya Papa Stanislas."

Walimimina mahindi yote nyuma ya nyumba. Walikuwa wameshayamenya kule kule shambani, na kwa wema wa mikono yao walikuwa wameyachagua: mahindi makubwa mazuri upande mmoja, ya kati upande mwingine, madogo na mabovu kando, ili niuze kwa urahisi yale mazuri. Vipande vyote vya shamba vilikuwa ndani ya kila rundo.

Syntiche alitoka na kusimama kwenye mlango wa nyuma. Aliyatazama yale marundo kama mtu anayesoma tangazo la msiba kwa mara ya pili.

"Vijiti biko wapi, mama?" akauliza polepole.

"Vile vya namba? Tulivileta, mwanangu, usiogope." Mama Kapinga akaelekeza kidevu kwenye jiko la mawe matatu, chini ya sufuria kubwa ya bukari. "Vilikuwa vikavu sana. Vinawaka muzuri."

Mabati madogo yalikuwa yamejikunja ndani ya majivu.

Nilimwona Syntiche anavuta pumzi ya kusema. Niliinuka mkekani, jambo ambalo sikupaswa kufanya, nikamshika kifundo cha mkono. "Leo hapana," nilimwambia sikioni. "Leo uwaambie asante." Kisha akawageukia wale wanawake waliochoka, wengine na malengelenge viganjani, akasema, "Asanteni sana bamama. Mumetusaidia." Akaingia chumba cha babu yake akafunga mlango.

Nimepewa mambo mengi mazuri maishani. Sidhani kama nimepewa lililomgharimu mtu zaidi kuliko asante ile.

Jumatatu Hénoc alikuja na mizani begani. Alipoambiwa, aliiteremsha chini taratibu kama kitu kinacholala. Hakumlaumu mtu. Alivua saa yake, akachuchumaa kwenye rundo la kwanza, na wao wawili wakaanza kujaribu kutenganisha. Nilikaa nao. Syntiche alihesabu mistari ya punje, akatazama rangi ya gunzi ndani, akapima kwa kidole. Wakafanya rundo walilodhani la Sista na jingine la Ministre. Kisha Hénoc akachukua hindi kutoka rundo lile na jingine kutoka la Ministre, akamwambia Syntiche afumbe macho, akayabadilisha mikononi, akamwuliza lipi ni lipi. Akakosea. Akajaribu tena, akakosea. Mimi nimelima mahindi tangu utoto wangu, na mimi pia sikujua.

"Tuache," Syntiche akasema.

"Tungejaribu tena kesho na mwanga muzuri," Hénoc akasema.

"Hénoc, tuache."

Mkuu wao, Monsieur Franck, alikuja kutoa pole na mfuko wa sukari. Ni mtu mwenye sauti ya chini, alikaa na kofia magotini. Aliposikia yote, alimwambia Syntiche mbele yangu, kwa upole:

"Namba za mwaka jana unazo. Mvua ilikuwa karibu ile ile. Punguza kidogo hapa, ongeza kidogo pale. Uko kwa kilio, hakuna mwenye atakuuliza. Na sisi wote tunajua shamba ilionyesha nini."

"Tunajua, Chef. Lakini hatukupima."

"Sista wako atakufa hivi."

"Kama atapita kwa namba zenye nilitunga, na akaanguka mahali fulani, nitamwambia nini yule mwenye shamba? Nitamwambia nilimpima na kalamu?"

Franck alitikisa kichwa. Hakukasirika. Nilielewa kwamba alikuja kumpa zawadi na alikuwa akiirudisha nyumbani. Alipokuwa anatoka aliniinamia akasema nimemlea vizuri, lakini alisema kama mtu anayetoa pole ya pili.

Comité ilikaa mwezi wa saba. Kanuni yao ni kwamba mahali pasipokuwa na mavuno yaliyopimwa hapahesabiwi, na mwaka mmoja peke yake ni bahati tu. Shamba letu likafutwa. Yakabaki matatu mazuri. Syntiche alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akaviweka vizuri kimoja kando ya kingine.

"Ministre amepita," akasema.

Nilimwandalia chakula. Alikula, maana anajua nisingependa asile.

Katika muda huo wote hatukumwambia Mama Kapinga. Mwanzoni nilisema tungoje kilio kiishe. Kilipoisha nikasema tungoje comité. Comité ilipokwisha, sikuona faida ya kumpa mtu huzuni ambayo haiwezi kurekebisha kitu. Syntiche alinikubalia. Yale mahindi mchanganyiko niliyasaga kidogo kidogo, tukala.

Mvua zilipokaribia, mradi ukagawa mbegu kwa watu wa barabara yetu, vifuko vyeupe vyenye namba mbili na picha ya hindi nene. Mimi sikuandikishwa, maana shamba lilikuwa kwa jina la marehemu. Mama Kapinga alikuja nyumbani na kifuko chake, akaketi jikoni, akakifungua, akaanza kumimina nusu kwenye bakuli langu.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Tunagawana. Walikusahau, miye sikusahau. Ni Ministre wetu, Mama Brigitte. Papa Stanislas angecheka, yule mvivu amechaguliwa."

"Mama Kapinga, panda kidogo tu. Shamba ingine uweke mbegu yako ya zamani."

Akacheka. "Aa, mama. Muntu anaacha mbegu ya mutoto wake? Ni Syntiche mwenye alihangaika nayo miaka miwili hapa kwa macho yangu. Miye nitapanda yote, yote kabisa. Nimeshaambia hata Mama Edith na bale bengine: mbegu hii imetoka kwa mukono wa mutoto wetu, musichanganye."

Nilitazama zile punje ndani ya bakuli. Zilikuwa zimepakwa dawa nyekundu, nzuri sana. Nilijua shamba lake, ni ule ule udongo wetu, mstari mmoja tu wa nyasi unatugawa. Kama ningenyamaza angebaki na moyo mwepesi mpaka mwezi wa nne. Ana wajukuu wanaokula kwake. Nikamwambia.

Nilimwambia taratibu, kama nilivyoweza. Kwamba Ministre ni mzuri penye maji. Kwamba aliyefaa huku kwetu ni Sista, na kwamba ili Sista apite ilibidi kila kipande kivunwe peke yake na kupimwa. Sikusema zaidi. Hakuhitaji zaidi. Niliona akili yake inarudi shambani siku ile, inapita juu ya kila mstari.

"Tulipikia vile vijiti," akasema.

"Hamukujua."

"Alituambia asante. Yule mutoto alisimama pale mulangoni akatuambia asante."

"Na ilikuwa ya kweli, mama. Mulitoka jasho kwa ajili yangu."

"Na weye ukanyamaza. Miezi yote hii nakuja hapa, nakunywa maji yako, nacheka."

Kisha akafunga kifuko chake, akaniachia ile nusu iliyo kwenye bakuli, akaenda. Alitembea kama mtu aliyebeba kitu kichwani, ingawa hakubeba kitu.

Alipanda nusu Ministre, nusu mbegu yake ya zamani, hilo alinisikia. Lakini habari iliyowafikia wanawake wengine haikuwa ya mbegu. Ilikuwa ya aibu. Walichosikia ni kwamba waliharibu kazi ya mtoto wa watu, na kwamba mimi nilijua nikawaacha wacheke. Walinisalimia kama zamani, ila kwa haraka. Msichana aliyenigeuzia mto aliacha kupita kwangu. Mbegu zao walizipanda zote kama zilivyogawiwa, maana hakuna aliyeuliza habari yake. Nilipojaribu kumwambia Mama Edith, alinikatiza kwa adabu: "Mama, ile ilishapita." Alidhani ninaomba radhi.

Syntiche walimhamishia kwenye maharagwe. Aliomba Sista apewe mwaka mmoja zaidi. Walimjibu kwamba mbegu imehifadhiwa kwenye baridi, na kwamba ombi litaangaliwa. Anakuja Jumapili, ananisomea magazeti ya parokia, na hatuzungumzi juu ya mahindi.

Mwezi wa pili mvua ikakatika. Nilienda mpaka barabarani kuona. Pande zote mbili Ministre alikuwa amesimama mrefu, wa kijani, mzuri kuliko mahindi yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Watu waliokuwa wakipita kwa magari lazima walidhani tumebarikiwa.

Mwezi wa nne alifariki Papa Chola, mume wa Mama Edith, kwa homa iliyomchukua upesi. Tukatandika mikeka. Nilikaa karibu na Mama Edith, nikamkumbuka alivyoniletea makaa. Siku zikapita, na hakuna aliyetaja shamba lake. Mahindi yalikuwa makavu. Mtu mmoja aliyetoka huko alinong'ona kwamba mbuzi wameingia. Wanawake wakatazama mikono yao. Mimi niliwatazama mmoja mmoja, na nikaona kwamba hawakuwa wavivu. Waliogopa. Kila mmoja alikuwa anajiuliza ni kitu gani kule shambani asichokijua.

Nikamgusa Mama Kapinga begani. Tangu siku ile ya bakuli hatukuwa tumeketi pamoja.

"Twende," nikamwambia.

"Mama Brigitte, mikono yangu ilishaharibu. Mutafute muntu mwingine."

"Hakuna mwingine. Na miye peke yangu sitaweza, magoti haya."

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika kilio chochote. Alitambaa kwa magoti mpaka kwa Mama Edith, akamshika miguu, akamwuliza, "Mama, utusamehe. Shamba yako. Tuingie? Iko kitu ya kuacha?"

Wanawake walishtuka. Mmoja alipiga ulimi. Mama Edith aliinua uso, akamtazama kama mtu aliyeamshwa, na nikaona shamba linamrudia machoni, na mbuzi, na mwaka mzima unaokuja bila mume. Hilo ndilo wazee wetu walikuwa wakituepusha nalo.

"Ingieni," akasema. "Hakuna kitu ya kuacha." Akalia upya, kilio kingine, cha chini zaidi.

Tulienda sisi wawili tu. Tulimwita kijana wa tricycle aje kutuchukua mchana. Mbuzi walikuwa wamekula pembeni, lakini katikati mahindi yalisimama, marefu mpaka tulilazimika kuyainamisha ili kuyachuma. Mama Kapinga alivuna mistari yake na mimi yangu. Tulimenya tukiwa tumesimama. Hindi baada ya hindi, punje chache, mengine hayakuwa na punje kabisa, ganda zuri tu limefungwa vizuri. Alikuwa akiyaweka kwenye mfuko hayo pia. Sikumwambia ayatupe.

"Yangu nusu iko hivi," akasema mara moja, bila kunitazama. "Ile nusu ya zamani itatufikisha mwezi wa nane."

"Nitakuongezea."

"Uniongezee kutoka wapi?"

Hakuwa anauliza kwa ubaya. Tukaendelea. Jua lilipopanda alinipa kofia yake ya majani akajifunga kitenge kichwani, na hapo nilijua kwamba siku moja, si karibuni, ataketi tena jikoni kwangu.

Tricycle ilipofika, tulikuwa tumejaza mfuko mmoja na robo ya mwingine. Kijana alizima injini, akashuka, akatazama shamba lile kubwa lililolala chini lote, kisha akatazama mzigo wetu kando ya barabara. Akauliza kama wenzetu bado wako nyuma na mifuko mingine.

"Hakuna wengine," Mama Kapinga akamwambia. "Pakia, tuende."